Mnauliza kama roboti zitatawala dunia? Moja ilianza na mlango wa duka Mkunazini, kwa sauti ya baba yangu

Krrrr... tk. Krrrr... tk.

Kisha sauti ya baba yangu ikasema, kwa uchangamfu wote aliozaliwa nao: "Karibu! Karibu ndani!"

Nikageuka kumtazama baba. Alikuwa amesimama ubavuni mwangu, na mdomo wake umefumbwa.

Wakuu, nawaita wakuu kwa kufuata desturi ya jukwaa, lakini nakaribia miaka tisini. Kwa hiyo shikamoo zenu nshaziitikia kabla hamjazitoa. Marahaba, wanangu.

Nimekuwa nasoma kimya kimya mabishano yenu kuhusu akili mnemba. Mmoja kasema roboti zitatutawala sote. Mwengine kamjibu kwamba hizo ni porojo za filamu. Mmefika mpaka kutukanana.

Mimi sina elimu ya kompyuta. Nina kisa kimoja nilichokiona kwa macho yangu, na ndani yake mna kosa langu mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kukipamba. Atakayeona nimeongeza chumvi anikamate hapa hapa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Unguja mjini.

Baba yangu, Makame, alikuwa mkaribisha wageni katika duka la Bwana Karim, Mkunazini. Duka liliuza redio, feni, taa za karabai na cherehani za kila namna. Baba hakupima, hakufunga bidhaa, hakushika fedha. Alisimama mlangoni, kanzu imepigwa pasi, kofia ya kiua imekaa sawa, akisalimia watu.

Najua mtacheka. Mtu analipwa kwa kusalimia?

Lakini wakati ule hukuweza kumuuliza mteja anataka nini kabla hujamuuliza hali yake, hali ya wazee wake, na hali ya yule mtoto aliyekuwa na homa wiki iliyopita. Ukiruka hayo, mteja alinyanyua mguu akaenda duka la jirani, na kufika Magharibi mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba huna adabu.

Na baba alikuwa bingwa. Kichwani mwake mlikaa mji mzima. Alijua nani kajifungua, nani mwanawe yuko safarini, nani kagombana na nduguye kwa hiyo asitajiwe. Alizaliwa Makunduchi, akahamia Kikwajuni akiwa kijana, na kila asubuhi alikwenda kazini kwa miguu. Ni mwendo wa robo saa. Yeye ulimchukua saa nzima, maana hakumpita mtu.

Mimi, Hamza mwanawe, nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nawaka moto. Nilikuwa naandika riwaya.

Tulikuwa vijana sita. Kila Alhamisi baada ya Alasiri tulikutana katika chumba cha ghorofani, Vuga, tukisomeana tulivyoandika, dirisha wazi, upepo wa bahari ukigombania karatasi na sisi. Wenzangu waliandika mapenzi. Mimi niliandika siku ambayo mashine zitaamka.

Katika riwaya yangu watu wa chuma walitwaa bandari, wakatwaa mahakama, wakakaa juu ya viti vya enzi bila hata kuvifuta vumbi. Na mimi, mwandishi wao, nilikuwa nawashangilia. Chuma hakichoki. Hakisahau. Hakipendelei ndugu. Basi kwa nini kisitawale?

Likumbukeni hilo, wakuu. Nilikuwa upande wao.

Siku moja likaja sanduku refu kutoka melini. Bwana Karim alikuwa na binamu yake Nairobi, Fundi Rahim, kijana mpole mwenye vidole vyeusi kwa mafuta. Huyo alikuja nalo, na ndiye aliyekitengeneza kilichokuwamo: mtu wa bati, mrefu kuliko mlango wa msalani kwetu, macho yake taa mbili nyekundu, kifua chake kama jiko la mafuta. Mbele yake ulitandikwa mkeka wa mpira wenye swichi chini. Ukiukanyaga, macho yanawaka, mkono wa kulia unapanda kifuani, na tumboni utepe wa sauti unaanza kuzunguka.

Siku tatu kabla ya kuifunua mashine mbele ya watu, Fundi Rahim alikuwa amemwomba baba aseme maneno mawili matatu kwenye kinasa sauti, ati anakijaribu. Baba akasema, akacheka, akasahau.

Ndiyo maana siku ile ya kwanza mashine ilipokuwa bado imefunikwa shuka, sisi sote tumejipanga, akapita paka juu ya mkeka na ule mlio ukatoka chini ya shuka: krrrr... tk. Na baba akajisikia mwenyewe akimkaribisha paka.

"Hamza," akaninong'oneza, "lile limenichukulia sauti yangu?"

"Wameinasa tu, baba."

"Mbona hawakuniuliza?"

Shuka lilikuwa linavutwa, na moyo wangu ulikuwa unapiga kama wa bwana harusi. Riwaya yangu ilikuwa imesimama mbele yangu kwa miguu yake.

Mji mzima ulikuja kumtazama. Wakamwita Bwana Chuma. Mpaka watu wa Mtoni walikuja, wakapanga mstari hadi nje barabarani. Na kila siku alikuja Ame, hamali wa Kitumbatu aliyesukuma gari la mizigo mtaani kwetu, mtu ambaye hakuweza kumwacha kiumbe bila kumtania.

"Bwana Chuma!" Ame akaukanyaga mkeka.

"Karibu! Karibu ndani!"

"N'shaingia. Kahawa iko wapi?"

"Karibu! Karibu ndani!"

"Nipo ndani, yakhe! Wataka niingie tumboni mwako?"

Watu wakafa kwa kicheko. Lakini wiki ya pili kicheko kikapungua, na malalamiko yakaanza. Wazee walisema lile bati halina malezi. Linasema karibu, karibu, kama mtu anayeswaga mbuzi. Halikuulizi hujambo, halikuulizi wa nyumbani.

Bwana Karim akaniita.

"Hamza, weye si mwandishi?"

"Naam."

"Basi niandikie salamu. Ndefu, tamu, za Kiunguja hasa. Nataka bati langu liwe na adabu kuliko watu. Nami nitakuachia ile taipureta ya ghalani, upige riwaya yako kila alasiri."

Wakuu, taipureta! Nilikuwa naandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi za kufungia chai. Angeniambia niandike salamu za majini wa baharini ningeandika.

Nikatunga mbili. Asubuhi wateja walikuwa wanaume, kwa hiyo utepe wa asubuhi uliuliza: hujambo, bibi hajambo, watoto hawajambo. Alasiri ilikuwa zamu ya wanawake kutoka, kwa hiyo wa alasiri uliuliza: hujambo, bwana hajambo, watoto hawajambo, nyumbani wote wazima? Fundi Rahim alikuwa anabadilisha utepe baada ya Adhuhuri.

Zilikuwa salamu nzuri. Nilizipima kama mtu anayepima wimbo. Mpaka leo naweza kuzisema.

Ilibaki sauti. Baba alikataa kumkubalia Fundi Rahim. Akakataa kumkubalia Bwana Karim. Nikamwendea mimi.

Tukakaa ghalani, mimi nasoma, yeye anarudia mbele ya kinasa sauti. Alipofika "bwana hajambo" akasita.

"Hapa namuuliza nani?"

"Yeyote atakayeingia, baba."

"Huyo Yeyote mimi simjui."

"Ni sauti tu, baba. Sema."

Kisha akasema, vizuri sana, kama alivyofanya kila kitu. Alisema kwa ajili yangu.

Na kwa siku chache ilikuwa raha tupu. Watu walisimama mbele ya Bwana Chuma wakimjibu kwa heshima: sijambo, hawajambo, wazima, alhamdulillahi. Mwalimu mmoja mwenye mikogo yake aliingia alasiri, zamu ya wanawake, akaulizwa kwa sauti kubwa "Bwana hajambo?" Ame akaanguka juu ya gari lake. "Mwalimu! Waulizwa mumeo! Jibu basi!"

Hata baba alitabasamu. Ilikuwa mara ya mwisho kwa siku nyingi.

Kwani wiki ile ile Bwana Karim alimwita. Nilikuwa napiga taipureta, nikasikia kila neno.

"Bwana Makame, nakuheshimu, wajua. Lakini mlango sasa una mtu. Nisaidie huku ghalani, na mwezi mpya ukiandama upumzike nyumbani."

"Inshallah," baba akasema.

Basi. Neno moja.

Mimi vidole vyangu vilikuwa juu ya taipureta ile niliyopewa kwa kazi ile. Katikati ya sura ambayo watu wa chuma wanaingia mjini kwa ushindi.

Kesho yake nilitoka Kikwajuni pamoja naye. Hakusimama. Hakumuuliza muuza mbatata za urojo habari za mgongo wake. Akatazama chini njia nzima, na tukafika Mkunazini kwa robo saa.

Nimeishi miaka mingi na nimezika watu wengi. Robo saa ile bado inaniuma.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo penyewe.

Mtaani kwetu alikuwapo fundi seremala, Khatib, aliyefariki mwaka ule. Mkewe, Bi Mwanakheri, akakaa eda kama inavyotakiwa, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba. Kwetu mjane wa namna hiyo tunamwita kizuka, na siku akitoka kila mtu anajua amtazame vipi na amwambie nini.

Safari yake ya kwanza baada ya eda ilikuwa kuja dukani kwetu. Alitaka cherehani. Alikuwa na watoto watatu na alikusudia kushona.

Ilikuwa alasiri. Baba alikuwa ghalani akihesabu makasha ya feni. Mimi nilikuwa napiga taipureta, na kupitia mlango wazi nikaliona buibui jeusi likivuka kizingiti.

Krrrr... tk.

"Karibu, bibi! Hujambo? Bwana hajambo?"

Taipureta ikanifia mikononi.

"Watoto hawajambo? Nyumbani wote wazima?"

Bi Mwanakheri hakusogea. Na kwa kuwa hakusogea, mguu wake ulikuwa bado juu ya mkeka, na utepe ukarudi mwanzo.

"Karibu, bibi! Hujambo? Bwana hajambo?"

"Makame?" akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Hakuwa amewahi kuiona mashine ile, alikuwa ndani miezi yote. Aliijua sauti tu. "Makame, weye si ulibeba jeneza lake? Leo waniuliza?"

"Watoto hawajambo?"

Nikakimbia. Nikapapasa mgongo wa lile bati nikitafuta swichi, sikuipata, nilikuwa nimeandika maneno yake yote na sikujua namna ya kuyanyamazisha. Wanawake waliokuwa dukani walikuwa wameziba midomo kwa mikono.

Baba akapita pembeni yangu. Hakuigusa mashine. Alikwenda akasimama mbele ya Bi Mwanakheri, akaligeuzia mgongo bati, akawa kama ukuta baina yao. Kisha akamwongoza kwa mkono, bila kumgusa, mpaka mguu wake ukatoka kwenye mkeka.

Bati likanyamaza.

"Bi Mwanakheri," akasema. "Yule si mimi. Mimi ndiye huyu. Pole, dada yangu. Mungu amrehemu Khatib."

"Amin," akajibu. Machozi yakaanza.

"Safari yake ya mwisho alikuja kunipimia fremu ya mlango wa uani. Akaniambia, Makame, nyumba yako imepinda kama kofia yako. Nikamwambia kofia yangu imenyooka, macho yako ndiyo yaliyopinda kwa kuangalia mbao."

Na yule mwanamke, ndani ya machozi yake, akacheka. Wallahi nilimwona. Alicheka kicheko cha miezi minne na siku kumi.

"Alirudi nyumbani akanieleza," akasema. "Alikucheka usiku kucha."

"Leo umekuja kwa cherehani."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Lakini binti yako wa kati amekuwa akikaa kwa Bi Zuhura kujifunza kupinda nguo, na cherehani ya Bi Zuhura ni moja. Keti hapa. Nitakuchagulia isiyopiga kelele, mtoto mdogo apate kulala."

Hakumuuliza neno moja lililokuwa kwenye karatasi yangu.

Bwana Karim alikuwa amesimama mwisho wa duka, mkono juu ya kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Aliona tulichokiona sote.

Lakini aliamua kuwa dawa ni kufupisha utepe tu. Kesho yake Bwana Chuma alikuwa pale pale, na baba amerudishwa ghalani.

Ndipo wanawake wa Unguja walipozungumza.

Alasiri ile alikuja wa kwanza, mwanamke mnene wa Mkunazini, akasimama nje ya kizingiti. Hakuukanyaga mkeka. Akavuta pumzi, akaita kwa sauti ya kuitia mtoto aliye uwanjani:

"Bwana Makameee!"

Kutoka ghalani, nyuma ya makasha, baba akaitika kwa mazoea ya maisha yake yote:

"Naam!"

"Njoo unikaribishe, n'nataka taa!"

Akaja wa pili. "Bwana Makame!" "Naam!" Akaja wa tatu na dada zake wawili. Kufikia Magharibi walikuwa kama ishirini, wamejaza barabara, na hakuna mguu hata mmoja uliogusa mpira. Kesho yake wakaja wa Kikwajuni. Ame akaegesha gari lake kwenye ngazi za duka la jirani, akawa anawaongoza kama mwimbishaji: "Haya, upande huu! Bwana Makame!" Na baba, kila mara, kutoka ndani kabisa, "Naam!"

Wakuu, nimesikia hotuba nyingi katika maisha yangu, na nderemo za kila aina. Sijasikia kitu kilichofanana na neno lile moja likitoka ghalani. Nililia juu ya taipureta bila aibu.

Siku ya tatu Bwana Karim alijifuta jasho, akaingia ghalani mwenyewe.

"Bwana Makame, mlango wako."

"Nina sharti moja," baba akasema. "Sauti yangu nirudishiwe."

Akapewa tepe zote. Akazitia mfukoni mwa kanzu, akaweka kofia sawa, na kabla hajatoka akanigeukia.

"Hamza. Yule Yeyote wako sasa ana jina. Nenda kamuombe radhi."

Nilikwenda. Bi Mwanakheri alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano ya cherehani mpya. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni weye uliyeandika," akasema. "Maneno mazuri, mwanangu. Ila siku nyengine kabla hujaniandikia, njoo kwanza unijue."

Sijapata fundisho la uandishi kubwa kuliko hilo. Nilirudi nikaichana sura ya ushindi wa watu wa chuma. Riwaya haikuchapwa mpaka leo, iko sandukuni, lakini kila mtu ndani yake ana jina.

Sasa mniulize: roboti zinaweza kuitawala dunia?

Jibu langu ni hili. Bwana Chuma hakuteka mlango. Bwana Karim alimpa kwa sababu bati lilikuwa rahisi kuliko mshahara, na mimi nilimpa maneno kwa sababu nilitaka taipureta. Hata sauti alipewa na baba, aliyenipenda. Tulimkabidhi sisi. Na siku tulipoita jina la mtu tuliyemtaka na kukataa kuukanyaga mkeka, akabaki bati. Kwa hiyo mimi siogopi. Akili zenu mpya najua ni kali kuliko utepe ule, zinakumbuka hata tusiyoyataka. Lakini bado ni sisi tunaochagua tumuite nani tukifika mlangoni.

Kama mnaona nimekosea, andikeni hapa chini. Nitasoma yote, na nitamjibu kila mmoja kwa jina lake. Mwenye mzee aliyewahi kupoteza kazi kwa mashine naye atuhadithie.

Nimewabakishia kitu kimoja.

Siku Fundi Rahim aliporudi Nairobi, Bwana Chuma alilazwa katika sanduku lake juu ya gari la Ame. "Haya, bwana," Ame akamwambia akikaza kamba, "leo mimi ndiye ninayekukaribisha." Fundi Rahim hakucheka. Alikuwa amekaza uso, kijana aliyeshindwa mbele ya mji mzima, na alikusudia kupita mlangoni bila kumtazama mtu.

Baba alikuwa amesimama pahala pake.

"Safari njema, Rahim. Na mama, mguu wake unaendeleaje? Ulisema siku ulipofika kwamba alianguka ngazini."

Rahim akasimama. Wiki zote zile, katika duka lile, hakuna mtu, wala mashine yake mwenyewe, aliyewahi kumuuliza.

"Anatembea sasa," akasema polepole. "Kwa mkongojo. Ahsante, mzee."

"Mwambie Makame wa Unguja anamsalimia."

Akaitikia kwa kichwa, akashika mkono wa baba kwa mikono yake miwili, akatoka. Baba akamsindikiza kwa macho mpaka gari la Ame likakunja kona. Kisha, kwa kuwa Alasiri ilikuwa imeadhiniwa na sote tulikuwa tunakwenda msikitini, akavuta mabawa yote mawili ya mlango, taratibu, akaufunga.